Profesa Cot na Afrika: Mwanasheria aliyekuta ufunguo uko nyumba nyingine

Tarehe 17 Julai, 2025, mjini Dakar, majenerali wa Ufaransa walikabidhi rasmi kwa serikali ya Senegal kambi yao ya mwisho katika nchi hiyo, ambayo jeshi la Ufaransa halikuwahi kuondoka tangu bendera ya uhuru ilipopandishwa mwaka 1960. Kabla ya hapo askari hao walikwisha kuondoka Mali mwaka 2022, Burkina Faso na Niger mwaka 2023, na Chad mwanzoni mwa 2025. Nchini Côte d'Ivoire waliikabidhi kambi ya Port-Bouët Februari ya mwaka huo huo. Kambi kubwa iliyobaki ni ile ya Djibouti, kule kwa jirani zetu wa Pembe ya Afrika.

Ndugu msomaji, wengi walioyachambua matukio hayo wameyahesabu kuwa ni kazi ya wanajeshi waliopindua serikali zao na ya vijana waliojaa barabarani kuwaunga mkono. Hilo si kosa, bali si habari yote. Miaka zaidi ya 40 iliyopita alikuwapo Mfaransa aliyejaribu kuung'oa mfumo ule ule kutoka ndani, akiwa na wadhifa wa uwaziri na muhuri wa serikali mkononi. Alidumu mwaka mmoja na nusu. Tunaona kisa chake kinaeleza mambo ya leo vizuri kuliko hotuba nyingi za marais, na ndiyo maana tumeamua kukirejea.

Jina lake ni Jean-Pierre Cot. Alizaliwa Geneva mwaka 1937, mtoto wa Pierre Cot, ambaye naye alikuwa profesa wa sheria kabla ya kuingia katika siasa. Pierre Cot ndiye aliyekuwa Waziri wa Usafiri wa Anga katika serikali ya vyama vya mrengo wa kushoto iliyoundwa na Léon Blum mwaka 1936, na Ufaransa ilipoangukia mikononi mwa Wajerumani, utawala wa Vichy ulimvua uraia. Kwa hiyo kijana huyu alilelewa katika nyumba ambamo sheria na siasa zililiwa sahani moja, na ambamo ilijulikana vema kwamba mtu anaweza kupoteza hata nchi yake kwa ajili ya msimamo.

Naye akafuata nyayo za baba. Alisomea sheria ya kimataifa na kuandika tasnifu juu ya usuluhishi wa migogoro baina ya mataifa. Akiwa bado hajatimiza miaka 35 alikwisha kuwa profesa na mkuu wa kitivo cha sheria huko Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Paris I. Wanafunzi wa sheria ya kimataifa wanalijua jina lake hadi leo kwa sababu ya kitabu kinene cha kufafanua Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu baada ya kifungu, alichokisimamia pamoja na Alain Pellet na kukitoa mwaka 1985. Mtu wa namna hii kwa kawaida huzeekea maktaba. Lakini mwaka 1973 aligombea ubunge katika jimbo la Savoie kwa tiketi ya Chama cha Kisoshalisti, chama ambacho François Mitterrand alikuwa amekichukua miaka miwili kabla, naye akashinda.

Hapa inatupasa kusimama kidogo. Msomi anapoacha kiti cha chuo na kukimbilia siasa, watu wa kwetu hukimbilia kusema ametafuta ulaji. Mara nyingi husema kweli. Kwa Cot hesabu hiyo haikai sawasawa, kwa kuwa chama alichojiunga nacho kilikuwa upinzani, na kilibaki upinzani kwa miaka minane mingine baada ya yeye kuingia bungeni. Aidha, alichagua kushughulika na nchi masikini, jambo lisilompatia mbunge wa milimani kura hata moja.

Mwezi Mei 1981 Mitterrand alishinda urais. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mrengo wa kushoto kushika dola tangu De Gaulle aandike katiba ya mwaka 1958, na furaha iliyoonekana Paris ilivuka bahari. Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa Ufaransa walisherehekea. Wapinzani waliokimbia nchi zao waliamini kwamba sasa madikteta wao wangekosa pa kuegemea. Cot akateuliwa waziri mwenye dhamana ya ushirikiano na maendeleo, chini ya Claude Cheysson wa Mahusiano ya Nje.

Ili tuelewe uzito wa uteuzi huo, lazima tujue Wizara ya Ushirikiano ilikuwa kitu gani. Makoloni ya Ufaransa ya Afrika yalipopata uhuru, takriban yote kwa mwaka mmoja wa 1960, uhusiano wake na Paris haukupelekwa katika Wizara ya Mambo ya Nje kama ulivyo uhusiano wa Ufaransa na Brazil au Japani. Uliundiwa wizara yake, yenye fedha zake, walimu wake, washauri wake wa kijeshi, na hata ofisi zake katika kila mji mkuu. Wakubwa wa Kiafrika waliipenda. Hapo waliweza kupokelewa kama jamaa wa nyumbani, wakaombea mishahara ya watumishi wao ifidiwe, na wasiulizwe sana. Juu ya wizara hiyo, kule Ikulu ya Élysée, kulikuwa na ofisi ndogo ya mshauri wa rais kuhusu mambo ya Afrika, ambayo kwa miaka mingi iliendeshwa na Jacques Foccart, mtu wa De Gaulle. Ofisi hiyo haikuwajibika bungeni. Simu yake ilitosha kumweka rais madarakani au kumwondoa. Mwaka 1979, askari wa Kifaransa walipotua Bangui kumng'oa Bokassa, walifika na mrithi wake ndani ya ndege.

Cot alikuja na mambo mawili. La kwanza, wizara yake iache kuwa ya makoloni ya zamani, iwe ya nchi zote zinazoendelea, zikiwamo Msumbiji na Angola zilizotoka vitani kwa Wareno, na ishike njia za kawaida za diplomasia. Ahadi ya kufikisha misaada asilimia 0.7 ya pato la taifa, iliyotolewa na serikali mpya, ilikuwa sehemu ya fikra hiyo. La pili lilikuwa haki za binadamu. Ilijulikana upesi Paris na Afrika kwamba waziri huyu husoma ripoti za mashirika ya haki za binadamu kabla ya kufunga safari, na kwamba kuna marais ambao asingependa kupigwa nao picha.

Kwa mwanasheria, mambo hayo mawili ni jambo moja. Ukitoa fedha kwa kufuata sheria, huwezi kuzitoa kwa urafiki, na ukiacha kuzitoa kwa urafiki, basi utauliza zinatumikaje na nani yuko gerezani. Ila kwa watawala aliokuwa akishughulika nao, hayo yalikuwa matusi mawili. Kwa upande mmoja aliwaambia hawana tena mlango wao peke yao. Kwa upande mwingine aliwaambia atachungulia ndani ya nyumba zao. Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire na Omar Bongo wa Gabon hawakuwa watu wa kusikia maneno hayo kutoka kwa profesa mwenye umri wa miaka 43, tena wakanyamaza. Nao hawakuwa na haja ya kupiga kelele magazetini. Walimjua Mitterrand tangu zamani. Mitterrand alikuwa Waziri wa Makoloni mwaka 1950, na ni wakati huo alipomvuta Houphouët-Boigny na chama chake mbali na Wakomunisti. Baadaye, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani vita vya Algeria vilipoanza mwaka 1954, ndiye aliyeshikilia kwamba Algeria ni Ufaransa. Waliomchagua mwaka 1981 walikuwa wamesahau. Marais wa Afrika hawakusahau.

Basi pale Élysée, Mitterrand hakuifunga ile ofisi ya Foccart. Alibadilisha mwenye kiti tu. Akamweka Guy Penne, rafiki yake, daktari wa meno, ambaye kama Cot alikuwa amewahi kuwa mkuu wa kitivo. Kwa hiyo siasa ya Afrika ya serikali ya kisoshalisti ilikuwa na wakuu wa vitivo wawili, mmoja wa sheria na mmoja wa meno, na wa meno ndiye aliyekuwa karibu na rais. Mwaka 1982 akaongezwa hapo mtoto wa rais, Jean-Christophe Mitterrand. Wizara ikawa ya Cot, lakini ufunguo ukawa kwa hao wengine.

Mambo yakafuatana. Septemba 1982 Sékou Touré wa Guinea alipokewa Paris kwa heshima za taifa. Huyu ndiye aliyemwambia De Gaulle hapana mwaka 1958, na kwa hilo Waafrika wengi walimpenda, sisi tukiwamo. Lakini ndiye pia mwenye gereza la Camp Boiro, ambamo Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikufa mwaka 1977 kwa kunyimwa chakula na maji. Mwezi uliofuata, mkutano wa mwaka wa Ufaransa na Afrika ulifanyika Kinshasa, mwenyeji akiwa Mobutu, na Mitterrand akaenda. Yule aliyedhani kwamba mrengo wa kushoto ungewakataa wakubwa wa namna hiyo alipata jibu lake mara mbili katika msimu mmoja.

Wala hapana haja ya kwenda Conakry au Kinshasa kuona jinsi mambo yalivyokuwa. Tuitazame Ngazija, ambako wengi wetu wa mwambao tuna mababu na wakwe. Visiwa hivyo vilijitangazia uhuru Julai 1975, na Ufaransa ikaibakiza Mayotte (Maore) kwa hoja ya kura ya wakazi wake, kinyume cha msimamo wa Umoja wa Mataifa kwamba visiwa vinne ni nchi moja. Mwaka 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, alimpindua Ali Soilihi, akamrudisha Ahmed Abdallah, na akabaki hapo na kikosi chake cha ulinzi wa rais. Akasilimu, akajiita Said Mustapha Mahdjoub. Mwaka 1982, wakati Cot akiwa waziri mjini Paris, Abdallah aliifanya Komoro nchi ya chama kimoja. Mamluki wakaendelea kutamba Moroni katika miaka yote ya serikali ya kisoshalisti, hadi Abdallah alipouawa Novemba 1989 ndani ya ikulu yake mwenyewe, naye Denard yumo humo. Mayotte ikafanywa rasmi mkoa kamili wa Ufaransa mwaka 2011. Je, waziri wa ushirikiano angeweza kufanya nini juu ya Denard? Kwa sheria, mengi. Kwa hali ya mambo, hakuna, kwa kuwa faili la Moroni, kama faili za Libreville na N'Djamena, halikuwa juu ya meza yake.

Desemba 1982 Cot akaondoka. Wapo wanaosema alijiuzulu, wapo wanaosema alisukumwa. Tofauti hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu waziri anayekataa kuitii siasa ambayo hakuiandika hufika mlango ule ule kwa njia yoyote. Baadaye, mwaka 1984, alitoa kitabu juu ya mtihani wa madaraka na wa itikadi ya kuzitetea nchi masikini.

Aliyerithi nafasi yake, Christian Nucci, alikuwa na tabia nyingine, naye anatupeleka Bujumbura. Desemba 1984 mkutano wa Ufaransa na Afrika ulifanyika katika mji huo wa Burundi, na maandalizi yake yakapitishiwa kwenye chama cha kiraia kiitwacho Carrefour du développement, yaani Njia Panda ya Maendeleo, kilichoanzishwa na watu wa wizara yenyewe. Mwaka 1986, serikali ilipobadilika, wakaguzi waligundua kwamba mamilioni ya faranga yaliyopita humo hayakwenda yalikoandikiwa. Ikawa moja ya kashfa kubwa za miaka hiyo. Nucci mwenyewe aliokolewa na sheria ya msamaha ya mwaka 1990. Wale waliomwona Profesa Cot kuwa mgumu mno, mwenye kudai karatasi kwa kila kitu, walikuwa wamepata mtu laini.

Sisi hatusemi kwamba Cot hakuwa na kasoro. Alikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni ya wasomi wengi wanaoingia serikalini. Alidhani kwamba kuandika upya muundo wa wizara ni kubadilisha siasa yenyewe. Akatumia miezi akiunganisha idara, akigawa upya maeneo ya kijiografia, akiandaa amri za serikali, ilhali uamuzi wa kumpokea Sékou Touré ulichukua muda wa simu moja. Tena hakuwa na watu. Mbunge mwenye jeshi la wafuasi ndani ya chama humtisha rais, lakini profesa mwenye hoja hamtishi. Na kwa upande wa Afrika, wale ambao siasa yake ingewanufaisha, wafungwa na wakimbizi na walipa kodi, hawakuwa na ubalozi Paris wa kumtetea.

Hata hivyo historia ilimpa haki kwa namna ya kejeli. Wizara ya Ushirikiano ilivunjwa mwanzoni mwa 1999 na kuingizwa katika Mambo ya Nje, sawasawa na alivyotaka, miaka 16 baada ya kuondoka kwake. Na ofisi ya Élysée? Iliendelea. Mwezi Januari 2008, waziri mwingine wa ushirikiano, Jean-Marie Bockel, aliyetoka mrengo huo huo wa kushoto na kujiunga na serikali ya Sarkozy, alitamka hadharani kwamba anataka kutia sahihi cheti cha kifo cha mfumo huo. Bongo akakasirika. Kufikia Machi, Bockel alikuwa amehamishiwa kwenye shughuli za askari wastaafu. Mmoja alikuwa na rais wa kushoto, mwingine rais wa kulia, na aliyelalamika kutoka Libreville alikuwa yule yule.

Cot hakurudi tena serikalini. Alikwenda Bunge la Ulaya, ambako aliongoza kundi la Wasoshalisti kuanzia 1989 hadi 1994, na mwaka 2002 akachaguliwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Katikati ya hayo alifanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, liliisaidia Afrika kuliko uwaziri wake wote. Alikuwa miongoni mwa mawakili wa Chad katika kesi ya Ukanda wa Aouzou, ardhi ya jangwa ambayo Libya ya Kanali Gaddafi ilikuwa imeikalia tangu miaka ya 1970, na ambayo damu nyingi ya Waislamu wa pande zote mbili ilimwagika kwa ajili yake. Mahakama ya The Hague iliamua Februari 1994 kwamba ardhi ni ya Chad, kwa nguvu ya mkataba wa mwaka 1955 uliotiwa sahihi na Libya yenyewe. Kabla ya mwezi Mei kwisha, askari wa Libya walikuwa wameondoka. Mbele ya majaji, karatasi aliyozoea kuidai ilikuwa na nguvu. Mbele ya Élysée haikuwa nayo.

Sasa turejee kwenye kambi zinazokabidhiwa. Lile dai la kwanza la Cot, kwamba Ufaransa iache kuzishika nchi hizi kama mali ya familia, limetimizwa kwa sehemu kubwa, na si kwa hisani ya Paris. Limetimizwa Bamako, Ouagadougou na Niamey, na waliolitimiza wana haki ya kulitaja. Dai la pili halimo katika mizigo yao. Mohamed Bazoum, rais wa Niger aliyechaguliwa na kupinduliwa tarehe 26 Julai, 2023, alitimiza miaka miwili kizuizini pamoja na mkewe bila kufikishwa mbele ya hakimu. Nchini Mali vyama vyote vya siasa vilivunjwa Mei 2025.

Paris nayo haijabadilika kiasi inachodai. N'Djamena, Aprili 2021, Idriss Déby alipouawa na mwanawe Mahamat akachukua nchi bila kura wala katiba, Rais Macron alikwenda mazikoni akaketi mbele, na kijana akapata baraka alizozihitaji. Miaka mitatu na nusu baadaye kijana huyo huyo akauvunja mkataba wa kijeshi na Ufaransa. Na Conakry, mji wa Camp Boiro, ambako jeshi lilitwaa madaraka mwaka 2021 bila kugombana na Ufaransa, wanaharakati wawili walichukuliwa nyumbani usiku wa Julai 2024 na watu wenye silaha. Familia zao zilifungua mashtaka mjini Paris, kwa sababu nyumbani hawakuona mahakama ya kuwasikiliza.